Shujaa Akishaoa

Mwishoni mwa mwaka 2007 kampuni ya vitabu vya katuni ya Marvel iliamua kwamba Peter Parker, kijana wa Queens tunayemjua zaidi kwa jina la Spider-Man, hafai tena kuwa na mke. Mke huyo, Mary Jane, hakuuawa, wala wawili hao hawakufikishwa mahakamani wakaachana. Shangazi wa Peter, Bi May, alikuwa amepigwa risasi na yuko mahututi hospitalini, ndipo akatokea Mephisto, ambaye katika hadithi za Marvel ndiye anayeshika nafasi ya shetani, akasema yuko tayari kumponya bibi huyo kwa malipo ya kitu kimoja. Hakutaka roho ya mtu. Alitaka ndoa yao ifutike, iwe kama haikuwahi kufungwa, na asibaki mtu wa kuikumbuka. Peter na Mary Jane walikubali, na kulipokucha Peter aliamka akiwa kapera katika nyumba ya shangazi yake, hana hata habari ya kilichompotea.

Joe Quesada, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel wakati huo, hakuficha sababu zake. Aliona kwamba ndoa inamzeesha Spider-Man na kuwabana waandishi, na kwamba kumpa talaka kungemzeesha zaidi, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa kuifuta. Mwandishi aliyepewa kazi hiyo, J. Michael Straczynski, hakuridhika na jinsi alivyotakiwa kuimaliza, hata akataka jina lake liondolewe kwenye sehemu za mwisho. Nilipoisoma hadithi hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa sijaolewa, na ilinikera kama ilivyomkera shabiki yeyote. Nimeisoma tena nikiwa mke wa mtu na mama wa watoto, na sasa inanikera kwa sababu nyingine, ambayo inahusu pia filamu za mashujaa tunazoziangalia siku hizi, zile ambazo zimemwagiwa fedha zisizohesabika na bado hazijajifunza jambo ambalo vitabu vya katuni vya bei ya chini vililijua zamani.

Nilizipata komiki zangu za kwanza kwa wauza vitabu vya mitumba waliokuwa wakipanga bidhaa zao chini, kando ya barabara, maeneo ya Posta jijini Dar es Salaam. Zilikuwa zimechanganyika na vitabu vya kiada vya Kimarekani, majarida ya mapishi na riwaya za mapenzi zilizokatika majalada, na hakuna aliyejishughulisha kuzipanga kwa namba. Ungeweza kupata toleo la Machi la mwaka mmoja na la Oktoba la mwaka mwingine, na yaliyotokea katikati ukayabuni mwenyewe. Kwa hiyo mimi sikuwahi kumwona Spider-Man akiumwa na buibui aliyempa nguvu zake, wala sikuiona arusi yake. Nilimkuta tayari ana mke, yeye mpiga picha wa gazeti anayelipwa kwa kudunduliza na mkewe mwanamitindo na mwigizaji wa tamthilia za televisheni, wakizozana kuhusu kodi ya nyumba. Na nilimwacha hapo hapo toleo lilipoisha. Usomaji wangu wote wa utotoni ulikuwa wa katikati ya hadithi, na huenda ndiyo maana katikati haikuwahi kunichosha.

Mume wangu, ambaye hapa nitamwita Baba Salma kama ninavyomwita nyumbani, alikulia upande mwingine wa burudani. Yeye ni mtoto wa vibanda vya video, ambako filamu za Kichina na za Kimarekani zilionyeshwa huku sauti ya Lufufu ikizisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Kwake filamu ina steringi na ina maadui. Steringi hafi, na mpenzi wa steringi kazi yake ni kutekwa ili steringi apate sababu ya kupigana. Tulipoanza kuangalia filamu za Marvel pamoja, mimi nilikuwa nikimweleza nani ni nani, naye akinieleza nani atakufa, na mara nyingi alipatia.

Kiini cha ndoa ya shujaa, kwa maoni yangu, ni swali ambalo kila mke na kila mume analijua: ulikuwa wapi? Wanawake wengi wa rika langu waliambiwa ukumbini kwenye kichenpati, na wengine waliambiwa na makungwi ndani, kwamba mume akirudi usiku asipokelewe na swali hilo. Apokelewe na maji ya kuoga na chakula, maneno yatangoja. Ushauri huo una busara yake kwa mtu aliyetoka Kariakoo hadi Tabata akiwa amesimama kwenye daladala, na una hatari yake pia. Komiki zimelijengea swali hilo dunia nzima. Kila shujaa mwenye barakoa ni mtu anayetoka usiku bila kuaga, anayerudi na majeraha asiyoweza kuyaeleza, anayekosa chakula cha jioni, anayesahau miadi, na ambaye majibu yake hayaingii akilini. Ukimwondolea nguvu zake za ajabu, anabaki mume ambaye wazee wa upande wa mke wangekuwa wamekwisha kumwitia kikao.

Mfano niupendao kuliko yote ni wa Barry Allen, yaani Flash, shujaa wa kampuni ya DC. Alimwoa Iris West mwaka 1966, na kwa mwaka mzima hakumwambia kwamba ndiye yule mtu wa vazi jekundu anayekimbia kuliko kitu chochote duniani. Katika toleo la 174, la mwaka 1967, alikusanya ujasiri akaamua kusema, akakuta kwamba mkewe anajua tangu usiku wa arusi: Barry huzungumza usingizini. Tukumbuke kwamba Iris ni mwandishi wa habari kwa kazi yake, na alikuwa ameishi na habari kubwa kuliko zote za mji ule kwa mwaka mzima bila kuitoa, akisubiri mumewe aseme kwa hiari yake. Barakoa inaweza kuwadanganya polisi na wahalifu wa jiji zima, lakini hakuna anayelala nayo.

Mary Jane alijua mapema zaidi. Mwaka 1984 alimwambia Peter kwamba siri yake anaijua siku nyingi, na kitabu kilichotoka mwaka 1989 kikaeleza kwamba alimwona akitokea dirishani usiku ule ule Mjomba Ben, aliyemlea Peter, alipouawa. Maana yake ni kwamba kwa miaka yote ile aliyokuwa akicheka na kujifanya msichana asiyejali lolote, alikuwa akimtazama kijana akimdanganya, naye akimwacha adanganye. Alimkataa alipomposa mwaka 1978, na alipomposa tena mwaka 1987 alikataa kwanza kabla ya kukubali. Arusi ikafungwa katika toleo maalumu la mwaka huo, na Marvel wakaifanyia pia sherehe ya hadharani katika uwanja wa Shea Stadium jijini New York tarehe 5 Juni, kabla ya mechi ya besiboli ya timu ya Mets, waigizaji wakiwa wamevalia kama maharusi na Stan Lee mwenyewe, mmoja wa waliombuni Spider-Man, akiwa mfungishaji ndoa.

Miaka 20 iliyofuata ndiyo ninayoithamini, si arusi. Ni kweli kwamba Mary Jane alitekwa mara nyingi mno, na Baba Salma angefurahi. Lakini kati ya kutekwa na kutekwa alikuwa mtu mwenye kazi, mwenye mshahara ambao mara nyingi ulikuwa mkubwa kuliko wa mumewe, na mwenye wasiwasi usiokuwa na pa kwenda. Kuna kipindi katika miaka ya 1990 alianza kuvuta sigara kwa sababu ya kumngoja mtu ambaye hajui kama atarudi. Hilo halikuwa tukio kubwa, halikuwa na adui wala mlipuko. Lilikuwa tabia iliyoingia nyumbani taratibu, ikaonekana katika ukurasa mmoja wa toleo hili na miwili ya toleo lile, Peter akailalamikia, naye akaificha, kisha ikazuka tena.

Ni umbo la komiki lenyewe ndilo linaloruhusu jambo kama hilo. Toleo hutoka kila mwezi. Mwezi huu wamegombana. Mwezi ujao ugomvi haujaisha, umehamia jikoni. Mwezi unaofuata kuna Doctor Octopus na mikono yake ya chuma, lakini baada ya kurasa 20 za mapambano mtu anarudi nyumbani na ugomvi uko pale pale, umemngoja. Hakuna tamati inayokaribia, kwa hiyo hakuna haja ya kuharakisha upatanisho. Sijaona namna nyingine ya kusimulia ndoa inayokaribia zaidi jinsi watu wanavyoishi ndani ya ndoa, na ndiyo maana uamuzi wa mwaka 2007 ninauona kuwa wa ajabu: waliokuwa na chombo kinachofaa zaidi kwa kazi hiyo ndio waliokitupa, wakidhani kwamba hadithi ya mapenzi huishia ukumbini.

Si Marvel peke yao. Kwa DC, Clark Kent, yaani Superman, alimvisha Lois Lane pete ya uchumba mwaka 1990 na kumwambia siri yake mwaka 1991, na arusi ilikuwa imepangwa kwa ajili ya toleo la 75 la jarida lake. Kisha ikajulikana kwamba kunaandaliwa tamthilia ya televisheni kuhusu wawili hao, na wakubwa wakataka arusi ya kwenye komiki iisubiri ya kwenye televisheni. Waandishi walibaki na pengo la kujaza, na mmoja wao, Jerry Ordway, ambaye kwa kawaida alikuwa akitania vikaoni kwamba basi wamuue tu, safari hii utani wake ukachukuliwa. Superman akafa mwaka 1992 katika toleo hilo hilo lililokuwa limetengewa arusi, watu wakapanga foleni madukani kulinunua, akafufuka mwaka 1993, na akaja kuoa mwaka 1996, kwenye komiki na kwenye televisheni katika mwezi ule ule. Mnamo 2011 DC walianza upya hadithi zao zote, na ndoa hiyo nayo ikatoweka. Mwaka 2013 Dan DiDio, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, alisema hadharani kwamba mashujaa hawapaswi kuwa na maisha ya binafsi yenye furaha. Mwaka 2018 Batman alitangaziwa arusi kwa miezi mingi, toleo la 50 likafika, na bibi arusi, Catwoman, hakutokea, kwa sababu aliaminishwa kwamba Batman mwenye furaha hawezi kuwa Batman. Dhana hiyo hiyo ya DiDio, safari hii ikiwa imevalishwa shela.

Filamu zina tatizo jingine, nalo ni la muda zaidi kuliko la woga. Avengers: Endgame ya mwaka 2019 ina dakika 181 na iliingiza takriban dola bilioni 2.8, na ndani yake mna ndoa mbili ambazo zote zimefanyika wakati kamera haikuwepo. Tony Stark, yaani Iron Man, anarudi duniani amedhoofika, mchumba wake Pepper Potts anampokea. Kisha yanatokea maandishi kwamba miaka mitano imepita, na tunamkuta ana nyumba kando ya ziwa na binti anayeitwa Morgan. Arusi, mimba, usiku wa kwanza wa mtoto mwenye homa, ugomvi kuhusu nani aamke, vyote vimemezwa na maandishi hayo. Steve Rogers, yaani Captain America, naye anarudi zamani kwa mpenzi wake Peggy Carter, na tunamwona tena akiwa mzee mwenye pete kidoleni. Rafiki yake Sam anapomuuliza habari za mke huyo, anakataa kwa upole kumsimulia. Nilipoiangalia mara ya kwanza nililia kama kila mtu ukumbini. Baadaye nilijiuliza ni kwa nini filamu yenye saa tatu haikupata dakika tano za ndoa ikiwa inaendelea.

Kwa haki, inazo kama tatu. Kuna pale Tony anapoosha vyombo, maji yanarukia picha iliyo kando ya sinki, na anapoipangusa anakuta ni picha yake na Peter Parker, aliyetoweka pamoja na nusu ya viumbe wote kabla ya miaka hiyo mitano; na wazo analolikimbia linamrudia hapo hapo, mikono ikiwa imelowa. Baadaye usiku anamwambia Pepper, aliyekaa akisoma, kwamba amegundua njia ya kurudi nyuma katika wakati. Anasema pia kwamba anaweza kuliacha wazo hilo, akalifungia kwenye sanduku, akalitupa ziwani, akaenda kulala. Pepper anamuuliza kama kweli ataweza kupumzika. Hakuna anayeinua sauti. Mke anamjua mume kiasi cha kutambua kwamba akimzuia atakuwa amebaki na mwili wake tu ndani ya nyumba, na anamruhusu aende mahali ambako huenda asirudi. Baba Salma, ambaye huwa hasemi kitu wakati wa maongezi kwa sababu kwake hayo ni mapumziko kati ya ngumi na ngumi, alisema, "Huyu mama ndiye amewaokoa wote," na sikuwa na cha kuongeza.

Lakini kwa kawaida mke wa kwenye filamu ni dhamana. Clint Barton, yaani Hawkeye, alipewa mke, watoto na shamba katika filamu ya mwaka 2015, jambo lililowashangaza hata wenzake waliofanya naye kazi, na kwa muda nilidhani tumepata mtu wa kawaida kati ya miungu. Endgame ikafunguka na familia hiyo ikiwa kwenye mandari, mume akigeuza uso kidogo tu, na alipotazama tena hawakuwepo. Walikuwa wamewekwa miaka minne ili waje kuondolewa. Steringi amepata sababu ya kupigana.

Filamu iliyolielewa swali la ulikuwa wapi ni Spider-Man 2 ya mwaka 2004, ingawa Peter na Mary Jane hawajaoana ndani yake. Huyu ni Peter anayefukuzwa kazi ya kupeleka piza kwa kuchelewa, anayedaiwa kodi, na ambaye vazi lake la kishujaa linachuja rangi kwenye mashine ya kufulia na kuzitia madoa nguo zake nyeupe. Anashindwa kufika kwenye mchezo wa jukwaani wa Mary Jane, naye hawezi kumwambia kwa nini. Mwishoni Mary Jane anakimbia arusi yake na mwanaume mwingine, bado yumo ndani ya gauni jeupe, anafika kwenye chumba cha Peter, anasema anajua hatari zake na amezikubali. King'ora cha polisi kinalia. Anamruhusu aende. Peter anaruka dirishani akishangilia, na filamu ingeweza kuishia hapo, angani, kati ya maghorofa. Badala yake kamera inarudi kwa Mary Jane aliyebaki dirishani, na tabasamu lake linaondoka kidogo kidogo. Amepata jibu la swali lake, na amegundua kwamba atalijua jibu hilo kila usiku.

Kisha kuna The Incredibles, iliyotoka mwaka huo huo wa 2004, ambayo kwangu ndiyo filamu bora ya ndoa kati ya zote za mashujaa. Sheria imewakataza mashujaa kufanya kazi yao, na Bob, aliyewahi kuinua magari kwa mkono mmoja, amebanwa kwenye kiti cha ofisi ya bima. Kila wiki anamdanganya mkewe Helen kwamba anakwenda kucheza bolingi na rafiki yake Lucius, kumbe wawili hao wamekaa kwenye gari wakisikiliza redio ya polisi, wakingoja mtu wa kumwokoa. Anaporudi usiku wa manane Helen amekaa gizani akimsubiri, na anaokota vumbi la jengo lililoporomoka begani mwake. Baadaye anaokota unywele wa mwanamke mwingine kwenye koti, na tangu hapo filamu inakwenda kwa nguvu za mashaka ya mke, kwa sababu ushahidi wa ushujaa na ushahidi wa uzinzi unafanana kabisa: safari za ghafla, simu za siri, mwili ulioanza kukakamaa upya, furaha isiyo na maelezo. Bob hana mwanamke mwingine. Ana ujana wake wa zamani, anaouendea kwa siri, na sijui kama Helen angepaswa kuona hilo kuwa afadhali.

Humo humo Lucius, maarufu kama Frozone, analitafuta vazi lake mji ukiwa unaangamia nje ya dirisha, na mkewe, ambaye hatumwoni uso hata mara moja, anamjibu kwa kelele kutoka chumba kingine kwamba chakula cha jioni wamekipanga kwa miezi miwili na hakuna anayekwenda popote. Mume anataja maslahi ya umma. Mke anamjibu kwamba yeye ni mke wake, na hakuna jema kubwa zaidi atakalolipata maishani. Baba Salma hucheka hapo hadi anakohoa, na mimi hucheka pia, ila najua kwamba tunacheka tukiwa pande tofauti za ukuta huo.

Nisije nikaonekana nasema kwamba komiki ni mwalimu mwema wa ndoa. Mwaka 1981 Hank Pym, mmoja wa waanzilishi wa kundi la mashujaa la Avengers, alimpiga mkewe Janet, na kwa zaidi ya miaka 40 sasa hakuna mwandishi aliyeweza kulifuta tukio hilo kwa mtindo wa Mephisto. Wasomaji wanalikumbuka kuliko mambo mengi aliyoyavumbua mtu huyo, na naona ni sawa walikumbuke. Ndoa iliyotuhusu sisi wa upande huu ilifungwa mwaka 2006 kati ya T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, na Ororo Munroe wa kundi la mashujaa la X-Men, ambaye mama yake ni Mkenya na ambaye tulimkuta nchini Kenya alipoanza kuonekana mwaka 1975. Ilidumu hadi 2012. Mwanachama mwenzake Ororo katika X-Men aliifurikisha Wakanda kwa maji, na T'Challa akamwambia mkewe kwamba ndoa imebatilishwa na kuhani mkuu wa ukoo wa Chui. Kuhani mkuu huyo ni T'Challa mwenyewe. Hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, na ningelipa kuona T'Challa akijieleza mbele ya wazee wa baraza la kata.

Kwa upande mwingine kuna Reed Richards na Sue Storm wa kundi la Fantastic Four, waliooana mwaka 1965 katika toleo ambalo waliowabuni, Stan Lee na Jack Kirby, walijiingiza wenyewe wakifika arusini na kuzuiwa mlangoni, kama watu ambao hawakutoa mchango. Wamekuwa mume na mke karibu miaka yote tangu hapo, wana watoto wawili, wametengana na kurudiana, na hakuna aliyelalamika kwamba Reed amezeeshwa. Filamu yao ya mwaka 2025 inaanza wakiwa tayari wameoana na Sue akigundua kwamba ni mjamzito, na sehemu yake niliyoifurahia zaidi ni ile ya kuandaa nyumba na maabara kwa ajili ya mtoto atakayeanza kutambaa.

Hoja ya Quesada kwamba msomaji kijana hujiona zaidi ndani ya shujaa kapera naielewa, ila mimi nilikuwa kijana nilipomsoma Spider-Man mwenye mke na sikumwona mzee. Nilimwona mtu mzima, nikatamani kuwa mtu mzima. Na soko limetoa jibu lake. Mnamo Januari 2024 Marvel walianzisha Ultimate Spider-Man, iliyoandikwa na Jonathan Hickman na kuchorwa na Marco Checchetto, ambamo Peter anapata nguvu zake akiwa tayari mume wa Mary Jane na baba wa watoto wawili. Toleo la kwanza liliisha madukani na likachapishwa tena na tena. Wasomaji walikuwa wamengoja kuanzia 2007.

Filamu ninayoitamani ingeingia ndani ya ile miaka mitano iliyorukwa kwenye Endgame na kukaa humo: Tony na Pepper, mtoto, vyombo, na chombo cha chuma kilichofichwa stoo ambacho wote wawili wanajua kipo na hakuna anayekitaja. Baba Salma anasema hakuna atakayetoa nauli hadi Mlimani City na kununua tiketi ili aangalie watu wakijadili nani anunue umeme wa LUKU. Nilimkumbusha kwamba The Incredibles ameiangalia zaidi ya mara anazozikiri mbele ya watu, na kwamba ndani yake kuna ngumi chache kuliko maneno ya mume na mke. Akasema hiyo haihesabiki, hiyo ni katuni.